Bucha ya halali ya Noailles, Marseille: mzee anayejua kila kipande kwa jina lake

"Unapika nini?" Ndo swali la kwanza utakaloulizwa ukiingia hii bucha, hujamaliza hata kuitikia salamu. Na ndo lililonifanya nikae leo niandike, manake huu mwaka wa saba niko Marseille, bucha nilizopita ni nyingi, kote wanakuuliza kilo ngapi, huyu mzee anauliza unapika nini alafu ndo anachagua kisu.

Duka lenyewe liko mtaa wa Noailles. Unashuka metro laini ya 2, ukitokea juu uko soko la Capucins moja kwa moja, minanaa imepangwa chini kwa mafungu, zeituni kwenye ndoo, watu wanasukumana, unapita hapo unaingia kichochoro cha mkono wa kushoto. Jina sitaji, mwenyewe kaniomba nisilitaje, foleni aliyonayo inamtosha. Ila utalijua tu: mlango mmoja, kaunta ya kioo, na nyuma yake gogo la mbao ambalo katikati limeshakuwa bonde kwa visu vya miaka yote hiyo. Na mzee wa Kingazija mwenye kofia ya viua na aproni nyeupe. Marseille imejaa Wangazija jamani, kuna siku nasikia salamu barabarani nasahau niko Ulaya. Huyu ujana wake aliupitisha Unguja kwa shangazi yake kwahiyo Kiswahili anakimwaga bila shida. Mi namwita ami, yeye ananiita mwanangu, na kama una haraka usiende Jumamosi.

Sasa kwanini nasema ni bucha bora kuliko zote nilizowahi kununua nyama. Ni kwa sababu ya majina. Wafaransa wana jina la kila kipande cha ng'ombe na jina la kila namna ya kukikata na kukipika, na majina yenyewe si mapambo ya menyu, kila jina ni maelekezo. Mi nafanya kazi jikoni kwa hiyo najua. Saa sita na nusu mchana oda zinamiminika, moto, kelele, mtu hana nafasi ya kukueleza "kata kitunguu kidogokidogo, vipande viwe sawa, usikisage," anatamka neno moja tu, sizle, imeisha hiyo. Wiki yangu ya kwanza kazini niliambiwa sizle nikakipondaponda kitunguu kwa kisu juu chini juu chini kama natengeneza cha kulowekea mishkaki, kikatoa maji yote, sosi ikaja na uchungu, sufuria nzima ikamwagwa mbele yangu. Sizle maana yake unapasua kitunguu nusu, unakichana wima bila kufikisha kisu kwenye shina, unakichana ubapa mara mbili, alafu ndo unakata kushuka, kisu kikali, kila tembe inadondoka nzima na maji yake ndani. Kile nilichofanya mimi kina jina lake jingine, ashe, na kazi yake nyingine kabisa.

Haya majina hayakuanza jana. Kuna mpishi mmoja, bwana Carême, aliyezaliwa miaka ya 1780, alipanga masosi ya Kifaransa kwa familia, alafu akaja Escoffier, mzaliwa wa Villeneuve-Loubet huku huku kusini karibu na Nice, alizaliwa 1846, huyu ndo aliyepanga jiko la hoteli kubwa kama jeshi, kila mtu na kituo chake, wa sosi, wa kuchoma, wa vitu baridi, na mwaka 1903 akatoa kitabu chake kikubwa cha mapishi chenye maelfu ya mapishi kwa mkato, kwa sababu alijua anayesoma ameshayajua maneno. Mpaka leo hoteli ya Dar, ya Mombasa, ya Dubai, mpishi akisema julieni au mirepwa, maneno ya kukata mboga, wote wanaelewana hata kama hawana lugha nyingine ya pamoja. (Nayaandika kama masikio yetu yanavyoyasikia, ukimtamkia muuza nyama hivihivi atakuelewa.)

Turudi kwa ami.

Sarara. Kila mtu anaijua sarara, ile nyama laini ya ndani ya mgongo, ng'ombe mzima ana sarara mbili tu. Wao wanaiita file, na haiuzwi kama kitu kimoja. Upande mnene una jina, katikati kuna jina, mkiani kuna jina. Katikati ndo kunatoka shatobriani, pande moja zito la kulisha watu wawili, wengi wanasema limebeba jina la mwandishi Chateaubriand. Ikianza kupungua unene hapo zinakatwa turnedo, vile vya mviringo kama kopo dogo, vinene vidole viwili. Mkia mwembamba ni wa kukatwa vijiti vya kukaangwa harakaharaka. Bucha ya kawaida nyingi wanakukatia popote kisu kilipoangukia na bei ni ileile. Ami kabla hajakata anaivua ule utando mng'avu kama hariri, anaingiza ncha ya kisu chini yake, anaivuta na mkono wa kushoto, kisu kinatembea kimelala kinaangalia juu, utando unatoka mrefu kama utepe na nyama haijapoteza hata chembe. Hiyo wanaita pare, na vile anavyoondoa ni paruri, hatupi, zinaenda kwenye supu ya mifupa. Ukiomba anakufungia bure.

Hapa Waislamu wenzangu nisikilizeni vizuri, hasa mnaokuja kutembea. Kwetu hotelini ukiona file minyoni unajua ni sarara ya ng'ombe. Ufaransa ukisema file minyoni kwenye bucha ya kawaida unapewa nguruwe, ndo maana yake huku, sarara ya nguruwe. Ilikaribia kunikuta, nilikuwa nimeshatoa hela, bahati nzuri nikaona kibao kimechorwa mnyama. Na si hilo tu, kuna neno barde, maana yake kuifunika nyama kwa shuka jembamba la mafuta kisha kuifunga uzi ili isikauke ikiwa kwenye oveni, na hayo mafuta kwa desturi yao ni ya nguruwe. Kwahiyo unaweza ukanunua rosti ya ng'ombe safi kabisa (pande la kuoka, si rosti ya mchuzi), au turnedo, na kile kitambaa cheupe kilichoizunguka kikawa sicho. Kuna na larde, hiyo mafuta hayafuniki juu bali yanapenyezwa ndani ya nyama kwa sindano nene, hata huyaoni mpaka ukate. Na lardoni kwenye saladi, vile vijipande, ni nguruwe pia. Sisemi kuwatisha, ni kujua neno tu. Kwa ami rosti inabardewa kwa mafuta ya ng'ombe mwenyewe, anayakata membamba mpaka unaona mwanga upande wa pili, na kazi inafanya ileile.

Kipande nilichokipenda kuliko vyote ni onglee. Kinaning'inia ndani karibu na kiwambo kile kinachotenganisha mapafu na tumbo, ng'ombe mmoja anacho kimoja, na cha ajabu huku kinahesabiwa upande wa matumbo na maini, si upande wa steki, zamani ulikuwa unakipata kwa wauza utumbo. Wakata nyama walikuwa wanakificha wakale nyumbani kwao, na ukikila mara moja unaelewa. Katikati kina kano moja ngumu imepita urefu wote. Siku ya kwanza ami alinionyesha: alikilaza kwenye gogo, akaipapasa ile kano kwa kidole gumba, akapita na kisu upande mmoja taratibu, akakigeuza, akapita upande wa pili, zikabaki nyama mbili ndefu nyekundu iliyokoza kama maini na ile kano imebaki mkononi kama kamba ya kiatu. Akaniambia mwanangu hii kikaango kiwe cha moto sana, dakika mbili huku dakika mbili huku, iache ipumzike, kata kukingama na nyuzi. Na akanikanya, ukiipika ikaiva kabisa kama tunavyopenda kwetu inakuwa kandambili. Na kweli, mi nimekulia nyama iliyoiva mpaka mfupa, ila kwa onglee nimekubali ibaki na wekundu ndani, ile wanayoita senya, na ukiona bado mapema basi chukua apwa ambayo ni ya pinki. Wakikuuliza mkahawani jua tu kwamba apwa yao haijaiva kwa macho yetu.

Jirani ya onglee kuna ampi, hicho ndo kiwambo chenyewe, chembamba chenye nyuzi ndefu, kitamu kwa mishkaki kushinda hata sarara na bei yake nusu. Mi ndo nyama yangu ya mishkaki siku hizi, nakata kukingama, tangawizi, kitunguu saumu, ndimu kidogo, papai bichi huna haja nalo.

Alafu kuna paleroni na hapa nitakaa kidogo.

Paleroni iko begani, juu ya lile fupa pana, na ukiikata unaona mstari mweupe wa kano umepita katikati kama mshipa wa jani. Ukiichoma ile sehemu inatafunika kama mpira, utasema umetapeliwa. Lakini ule mstari ndo mali yake. Ukiipika polepole kwa muda mrefu ile kano kuanzia nyuzi joto 70 hivi inaanza kuyeyuka kuwa jelatini, inaingia kwenye mchuzi, mchuzi unakuwa mzito wenyewe bila unga wala nini, midomo inanatana. Nilimwambia ami nataka kupika kitu cha kukaa masaa, wageni ni kumi, hela ni kidogo. Yeye akaacha sarara, akaacha steki, akaenda nyuma akaja na paleroni nzima, akaniambia breze.

Nikamuuliza breze ndo kuchemsha? Akasema hapana, bresi ni makaa. Zamani sufuria zao za kupikia hivi zilikuwa na mfuniko wenye bonde juu, wanatia makaa ya moto chini na makaa juu ya mfuniko, nyama inaiva kwa joto la pande zote na mvuke wake wenyewe. Jamani nilisimama pale. Hiyo si ndo kupalia? Bibi yangu Tanga wali wa nazi ukishakauka anafunika, anachota makaa kwa kifuu anapalia juu ya mfuniko, chini anapunguza, na sisi watoto tunakatazwa kugusa mpaka harufu ibadilike. Ami akacheka akasema na mama yake Ngazija alipalia hivyohivyo. Kwahiyo neno lililonisumbua miaka yote kwenye karatasi za kazini, nililokuwa nalitafsiri kichwani kuwa ni kuchemsha polepole, lilikuwa ni kitu nilichokiona kabla sijaanza shule. Toka siku ile sijawahi tena kujaza maji. Breze maji yanafika nusu ya nyama tu, ile ya juu inaivishwa na mvuke.

Niliipika hivi: chumvi, nikaibabua pande zote mpaka ikawa kahawia ya kweli, nikaitoa. Kwenye mafuta yaleyale nikatia mirepwa, yaani kitunguu, karoti na selari vimekatwa vipande vipande bila kujali urembo maana kazi yao ni kutoa ladha wakimaliza watolewe, jina hilo la mtu mkubwa, duke wa Mirepoix wa karne ya 18. Vikatoka jasho, na hilo nalo lina neno, sue, vitoe maji bila kupata rangi. Nyanya moja, supu ya zile paruri, kwao wanatia mvinyo mi natia supu na kijiko cha siki. Mfuniko, oveni nyuzi 140, masaa matatu na nusu. Mstari ule mweupe ukawa unatikisika kama faluda. Wageni walikula na chapati, mtu mmoja akaniuliza nimetia nini kwenye mchuzi, nikamwambia sijatia kitu, ni bega.

Kwa mboga nitapita haraka kwa sababu ami hauzi mboga. Julieni ni vijiti vyembamba milimita 1 au 2, urefu sentimita 5 hivi, brunwazi ni tembe za milimita 2 mpaka 3, masedwani ni kubwa kidogo milimita 4 mpaka 5. Kitunguu cha kachumbari kile tunachokichana kama nyuzi wao wanaita emanse. Usawa si urembo, tembe zikiwa sawa zinaiva pamoja, ndo siri yote.

Kuku. Kuna vipande viwili mgongoni, juu ya mapaja, vimelala kwenye vishimo vya mfupa wa nyonga, vidogo kama lozi kubwa, wenyewe wanaviita solilesi, yaani mjinga ndo anaviacha. Ninyi mnaokula kuku wa kuchoma mkaishia paja na kidari rudini mgongoni mwangalie. Supremu ni kidari kimetolewa na kile kimfupa cha bawa kimebaki, kimekwanguliwa kikawa cheupe. Kukwangua mfupa hivyo wanaita manchone, na kwenye mbavu za kondoo, kare ya mbavu 8, ndo inakuwa ile inayopendeza kwenye sahani za harusi. Ami anaifanya kwa uzi, anauzungusha chini ya kila mfupa anavuta mara moja, nyama yote inatoka na utando wake, mfupa unabaki kama umeoshwa. Ila uagize siku moja kabla.

Sasa mapungufu, maana yapo. Kijana anayemsaidia hajafika alipo mzee. Nikimkuta peke yake siombi kitu chenye kazi, antrekoti, ile steki ya mbavuni, anakata nyembamba mno inakauka kabla haijapata rangi. Kadi hawapokei chini ya euro 10. Ijumaa mchana wamefunga kwa ajili ya swala, wanafungua baadaye, na wiki ya Idi kubwa usitegemee kuulizwa unapika nini, hapo ni kondoo na foleni tu. Bei si ya chini kabisa sokoni, paleroni nilinunua juzi euro 15 kilo, mtaa wa pili utaipata kwa 12. Lakini mtaa huo wa pili ndo kuna bucha moja iliniuzia antrekoti ambayo haikuwa antrekoti, ilikuwa ni ile ya karibu na shingo, bas koti, nyama nzuri kwa rosti ndogo ya nyumbani lakini ina mistari ya kano na si bei ile. Nilirudi nikawaambia, wakaniambia yote ni mgongo. Yote si mgongo. Jina likiandikwa kwenye kibao mteja anapanga moto wake na wageni wake kwa jina hilo, ukimpa kingine umemharibia chakula kabla hajawasha jiko, na hili limeniuma zaidi ya zile euro.

Kitu kimoja tu majina yao yote haya hayana, nundu. Ng'ombe wao, Charolais, Limousin, Aubrac, mgongo umenyooka kama meza, hawana nundu, kwahiyo hawana neno. Nilimuuliza ami, akafumba macho kwanza, akasema toka atoke visiwani hajaila. Tukaongea nundu pale robo saa na foleni nyuma inanung'unika, pilau ya nundu, mafuta yake yanavyokaa kwenye mchele, namna ya kuikata ili mafuta na mnofu vikae pamoja kila kipande. Mama mmoja wa Kialjeria nyuma yangu akauliza tunaongelea nini, ami akamweleza kwa Kifaransa ikamchukua sentensi nne.

Nampa nyota nne na nusu, nusu nimeitoa kwa ajili ya antrekoti za yule kijana.

Wiki hii kaniwekea arenyee. Ni kipande kidogo cha ndani ya nyonga, viwili tu kwa ng'ombe, kimetawaliwa na nyuzi nyeupe kama utando wa buibui na buibui ndo maana ya jina lake, ndugu zake wa pajani ni pwari kwa umbo la pea na merlani kwa umbo la samaki. Havikai kwenye kioo hivi, lazima uombe. Kaniambia nije Alhamisi saa mbili asubuhi kabla kijana hajafika, atanionyesha kuuvua ule utando bila kuchana nyama, na nije na kisu changu mwenyewe, kimenolewa.